Nimeitwa kurusha 777 Ghuba, na ukapteni wa nyumbani umekaribia

Kwako mshauri,

Nina miaka 32, ni rubani msaidizi katika shirika moja la hapa nchini. Narusha Dash 8-400, na daftari langu la safari lina saa 3,100. Leseni ya ATPL, ile ya juu kabisa ya urubani, ninayo. Kituo changu cha kazi ni Nairobi lakini nyumba yetu iko Mamboleo, Kisumu. Nikimaliza zamu hupanda ndege ya jioni kama abiria, na saa mbili usiku niko mezani na mume wangu na binti yetu wa miaka minne.

Mwezi uliopita nilifanya usaili na shirika moja la Falme za Kiarabu, nikapita. Wananipa kiti cha kulia kwenye Boeing 777: mshahara wa msingi dirhamu 27,000 kwa mwezi, malipo ya saa za angani juu yake, nyumba, na sehemu ya karo ya mtoto. Kwa bei ya leo huo mshahara wa msingi peke yake ni kama shilingi 945,000. Hapa, baada ya makato yote, nafika nyumbani na 410,000. Wanataka jibu kufikia tarehe 30.

Ningekuwa nimeshasema ndiyo. Lakini kwenye orodha ya kupandishwa ukapteni mimi ni wa nne, na wakubwa wanasema mafunzo yataanza mwaka ujao. Tena nina bondi ya mafunzo hapa, deni ninalolipa nikiondoka kabla ya muda; imebaki miezi 11 na shilingi 900,000. Hao wa Ghuba nao wana yao: dola 36,000, inapungua dola 1,000 kila mwezi kwa miaka mitatu.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, ameajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali. Nikimuuliza anasema, "Nenda, tutakufuata," ila anasema akiangalia runinga. Mahari ilitolewa 2019, kanisani hatujafika bado. Tunatamani mtoto wa pili. Mama yangu yuko Vihiga, ana sukari, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila mwezi.

Mpango wangu ni huu: nikae miaka mitano, tujenge, nirudi nichukue ukapteni wangu. Kwa tiketi za wafanyakazi nitakuwa nyumbani kila mwezi, si mbali. Wenzangu kazini wanasema anayekataa 777 amerogwa. Kwa nini basi silali?

Kiti cha Kulia, Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Dada wa Kiti cha Kulia,

Hongera kwanza. Usaili wa namna hiyo una siku nzima ya simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji, na maswali, na wengi wenye saa kuliko zako hurudishwa. Kwa hiyo swali la kama unaweza kazi tuliweke kando.

Nikiisoma barua yako naona umepima sana kwenda, na kurudi umekuandikia sentensi moja tu: "nirudi nichukue ukapteni wangu." Nadhani hapo ndipo usingizi wako unapokatikia. Ukapteni huo si wako bado, na ukiondoka hautakaa kiporo ukikungoja. Mashirika mengi hupanga marubani kwa tarehe ya kuajiriwa. Leo wewe ni wa nne. Siku utakayorudi, kama nafasi itakuwapo, utaandikwa chini ya kijana aliyeajiriwa wiki moja kabla yako. Pia reting yako ya Dash 8, yaani kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege, itakuwa imeisha muda zamani, maana huhuishwa kwa mtihani wa simuleta, na usiporuka aina hiyo ya ndege hakuna wa kukupa mtihani huo. Utalipia mafunzo upya, au mwajiri atakulipia na kukufunga bondi nyingine.

Sisemi usiende. Nasema tuihesabu safari ya kurudi kwa makini uleule uliohesabia dirhamu.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndizo zilizoleta barua. 945,000 dhidi ya 410,000 si kipimo sawa, kwa sababu ya pili imeshakatwa kodi. Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, hilo ni kweli. Kenya ndiyo yenye neno. Sheria yetu ya kodi humhesabu kuwa mkaazi mtu mwenye makao ya kudumu hapa aliyekuwa nchini kwa muda wowote ndani ya mwaka, hata siku mbili za Krismasi, na mkaazi hutozwa kwa ajira ya ndani na ya nje. Nyumba ikiwa Mamboleo na mume na mtoto wakiwa ndani yake, ni vigumu kusema makao yako yako kwingine. Kwa viwango vilivyoanza 2023, mshahara wa 945,000 hudaiwa karibu shilingi 290,000 kwa mwezi. Upo mkataba wa kodi kati ya Kenya na Falme za Kiarabu unaoweza kubadilisha picha hiyo. Lipa mhasibu wa kodi saa moja akusomee mkataba huo sambamba na barua yako ya ajira, na akuandikie maoni yake kwenye karatasi. Usitosheke na "huko hakuna kodi" ya kwenye chumba cha marubani.

Halafu kuna pensheni. Huko mgeni kwa kawaida hutegemea kiinua mgongo. Sheria yao ya kazi inatoa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Kwako ni dirhamu 18,900 kwa mwaka. Miaka mitano ni dirhamu 94,500, yaani kama shilingi milioni 3.3. Posho ya nyumba na malipo ya saa za angani hayaingii kwenye hesabu hiyo. Uliza kama shirika lina mfuko wake wa akiba zaidi ya hapo, kisha linganisha na kile ambacho mwajiri wako wa sasa anakuwekea kila mwezi na ambacho huwa hukioni.

Jambo moja dogo kuhusu kujenga. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.67 kwa dola moja, miaka nenda rudi. Shilingi yetu haijafungwa popote. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160, na mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 129. Aliyekuwa anatuma pesa nyumbani alipoteza karibu moja ya tano ya mshahara bila mwajiri kumgusa. Ukichukua mkopo wa sacco kwa shilingi, pima marejesho kwa bei mbaya ya dola.

Sasa tuje kwenye ndege yenyewe. Wenzako wanaiona 777 kama ngazi ya juu, na kwa ukubwa ni kweli. Ila siku hizi unaruka mara nne kwa zamu moja. Unaijua mvua ya ziwani inavyojikusanya saa kumi jioni wakati mnakaribia njia ya kutulia namba 06 ya uwanja wa Kisumu, na mikono yako imeizoea. Kwenye safari ya saa 14 mnakuwa marubani wanne, wawili wakilala kitandani nyuma huku wawili wakikesha mbele, na anayetua ni mmoja. Kanuni inadai mtu awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na wapo marubani wa safari ndefu wanaopelekwa simuleta ili tu kutimiza hizo tatu. Utajifunza mambo ambayo Dash 8 haitakufundisha kamwe: kuvuka bahari, uwanja wenye lafudhi usizozijua, ndege ya tani mia tatu na kitu. Utapoteza mengine. Uliza mashirika unayoyatamani baadaye yanathamini kipi.

Saa za ukapteni ni sarafu ya peke yake. Saa 1,000 za kiti cha kushoto, hata kwenye ndege ya mapangaboi, hufungua milango ambayo saa 4,000 za kiti cha kulia cha 777 zinaigonga tu. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba ukapteni wa "mwaka ujao" ni ahadi ya mdomo ikisubiri ndege zije, abiria wajae na walio mbele yako wasikwame. Umeshauliza ni ndege ngapi zinaongezwa, na ni wangapi kati ya watatu walio mbele yako wana saa na mitihani iliyokamilika? Wa nne anaweza kuwa wa pili, na anaweza kukaa wa nne miaka mitatu. Kaa na mkuu wa marubani umuulize hivyohivyo. Swali la aina hiyo haliwezi kuchukuliwa kama barua ya kuacha kazi.

Kuhusu kuwa nyumbani kila mwezi, hapa nakuomba unisikilize polepole. Saa za kule zimetutangulia kwa saa moja tu na safari hadi Nairobi ni kama saa tano, kwa hiyo kwenye ramani uko karibu. Lakini tiketi ya mfanyakazi ni ya kusubiri kiti kinachobaki. Agosti na Desemba, wakati binti amefunga shule, ndipo viti havibaki. Ukifika Nairobi saa nne usiku ndege ya Kisumu imeshaondoka, na kesho yake asubuhi imejaa, unajikuta kwenye basi kilomita 350 kupitia Nakuru na Kericho. Katika siku nne za mapumziko, mbili zimeishia njiani. Halafu lazima urudi siku moja kabla, kwa sababu rubani aliyekwama kwa kukosa kiti cha bure anahesabiwa kuwa hakufika kazini. Anayepanga vizuri hununua tiketi ya kawaida ya kurudi na kuiweka kama akiba. Gharama hiyo iingie kwenye bajeti.

Mwili nao una neno. Viwanja vikubwa vya Ghuba vinachangamka usiku wa manane: ndege zinaingia kwa kundi, zinabadilishana abiria, zinatoka kwa kundi. Saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri ndipo ubongo wa binadamu unapokuwa chini kabisa, na huo ndio wakati utakaokuwa unaomba ruhusa ya kuruka. Kikomo cha kawaida ni saa 100 za angani katika siku 28 na 900 kwa mwaka. Shirika lenye biashara nzuri hukupangia karibu na kikomo. Muulize rubani aliyeko huko akuonyeshe rosta zake tatu, yaani ratiba za zamu, za miezi iliyopita, si moja aliyoichagua. Hesabu usiku aliolala kitandani kwake.

Mtoto wa pili. Hapa Kenya sheria ya ajira inakupa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya kule ni siku 60: 45 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu. Mashirika mengine huongeza, kwa hiyo soma mkataba. Uliza pia ukishajitambua una mimba wanakutoa angani lini, unapewa kazi ya ofisini au unakaa nyumbani, na kwa mshahara gani, kwa sababu malipo ya saa za angani yatakoma siku hiyohiyo. Swali hili waandikie kwa barua pepe sasa kwa kuwa ofa unayo, kama unavyouliza la nyumba.

Mama yako. Umetaja kliniki tu, nami nakuongezea usilolitaja. Sheria ya Falme za Kiarabu inampa mfanyakazi siku tatu za likizo akifiwa na mzazi, tano akifiwa na mwenzi wa ndoa. Siku tatu, kwa mazishi ya Vihiga, unayajua mwenyewe. Utaombea nyongeza kwenye likizo yako ya mwaka, na jibu litategemea rosta ilivyo. Kwa sasa swali ni dogo zaidi: nani atampeleka kliniki, nani atasoma kile kipimo cha sukari na kukupigia? Mtu huyo awe na jina na nauli ya kila mwezi. "Ndugu zangu watasaidia" hupungua nguvu ndani ya mwaka.

Mumeo nimemwacha hadi hapa kwa makusudi. Umesema anajibu akiangalia runinga, na umeliandika jambo hilo kwa sababu umelisikia. Ningekuwa wewe ningeizima na kumuuliza swali jingine: ukija huko, wewe utakuwa nani? Mwenzi anayeingia kwa viza ya familia hapati kazi papo hapo, lazima apate mwajiri na kibali. Mwalimu wa TSC ana ajira ya kudumu, na kuiacha ni rahisi kuliko kuipata. Aulize mwajiri wake kwa maandishi kama likizo bila malipo inawezekana na kwa muda gani. Pengine hofu yake si wewe kwenda. Pengine ni kuwa baba wa nyumbani kwenye ghorofa ya 19 asikojua mtu. Au pengine ni jambo tofauti kabisa, na mimi kutoka huku siwezi kulijua.

Njia ninazoziona ni zaidi ya mbili. Ya kwanza, uende peke yako kipindi cha majaribio, ambacho kwa sheria yao hakizidi miezi sita, familia ibaki Mamboleo na mumeo asiache kitu. Mkishaiona rosta halisi mnaamua kuhamisha nyumba au la. Hatari yake ni bondi: ukikatisha mwezi wa sita unadaiwa dola 30,000, karibu shilingi milioni 3.9, na hiyo 900,000 ya hapa umeshailipa. Ya pili, ubaki, umalize miezi 11 bondi iishe yenyewe, uchukue ukapteni, upate saa zako 1,000, kisha uombe tena ukiwa na miaka 35 au 36. Kikomo cha umri kwa safari za kimataifa ni miaka 65, kwa hiyo umri haukukimbizi. Kinachoweza kukukimbia ni ajira yenyewe, maana mashirika ya Ghuba huajiri kwa mawimbi na wimbi hukatika ghafla. Mwaka 2020 yaliyokuwa yakitangaza nafasi Januari yalikuwa yakipunguza marubani kabla ya Agosti, na mgeni aliyepoteza kazi alipoteza viza na nyumba kwa barua moja. Ya tatu hujaitaja: ndege za jeti za Nairobi, Embraer au 737, ambako ungepata saa za jeti na bado ukalala Kisumu siku zako za mapumziko. Mshahara hautakuwa wa dirhamu, na foleni ni ndefu.

Ukielekea kukubali, mpangilio wa hatua ndio unaookoa watu. Barua ya kuacha kazi iwe ya mwisho kabisa. Kwanza mkataba uliotiwa saini na pande zote mbili, kisha uchunguzi wao wa afya, kisha uthibitisho wa leseni yako, ambao mamlaka yao ya anga huuomba moja kwa moja kutoka KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Cheti cha mwenendo mwema kiombe mapema kupitia eCitizen. Daftari lako la safari lipigwe muhuri na ofisi yenu ungali mfanyakazi, kwa sababu ukishaondoka kila muhuri ni safari. Waulize kwa maandishi: nikishindwa mtihani wa mafunzo ya 777, bondi inanidai kiasi gani? Mkinipunguza kazi ninyi, inafutwa? Mikataba mingine iko kimya kuhusu hilo la pili, na kimya hicho hakimsaidii anayedaiwa. Uliza pia bima ya kupoteza leseni: cheti chako cha afya cha daraja la kwanza kikisimamishwa, inalipa baada ya miezi mingapi na kiasi gani. Na waulize KCAA namna ya kuweka leseni ya Kenya hai ukiwa nje, ili mwaka wa kurudi usianzie mitihani.

Tarehe 30 nayo si ukuta. Waandikie kwamba unaitaka nafasi na unaomba darasa la mafunzo la baadaye, miezi mitatu au minne mbele. Mashirika haya huwa na madarasa mengi kwa mwaka, na wanaweza kukataa, lakini ombi la adabu halijafuta ofa za wengi. Ukipata hiyo nafasi, bondi ya hapa imepungua, mkuu wa marubani ameshakujibu, na umeshaongea na mumeo runinga ikiwa imezimwa.

Wakati unangoja majibu, lipo moja la kuanza Jumatatu. Mmeoana kwa mila na cheti hamna. Bila cheti cha ndoa kilichothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wao, huwezi kumwombea mumeo viza ya familia. Sheria ya ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila nayo isajiliwe. Nendeni kwa msajili pamoja, na mashahidi wa ile siku ya mahari. Ukienda Ghuba kitahitajika, na ukibaki Mamboleo hakina hasara.